Nundu ya Kinu cha Mwajabu

Mkata nundu hutoboa kinu. Ndivyo baba yenu alivyowajibu jana mlipomwambia kwamba Mjomba Shomari asiambiwe harusi ya hapa nyumbani ni siku gani, eti kwa sababu anaimba kwa sauti kubwa, analia kuliko mama wa bibi harusi, na kitambi chake kinaingia ndani kabla mwenyewe hajamaliza kupiga hodi. Baba yenu akasema methali yake, akachukua baiskeli, akaenda zake. Mwanangu huyo ndivyo alivyo tangu utoto, hutupa neno akawaachia wengine kazi ya kulieleza. Sasa mmenijia na maswali, na mchele wangu haujachambuliwa. Haya, shikeni nyungo hizo mbili, mchambue huku mnasikiliza. Mwanzo wa methali hii ulikuwa hivi.

Zamani, katika kijiji kimoja cha Bonde, pale milima inapoishia na mashamba ya mpunga yanapoanza, palikuwa na mchonga vinu aliyeitwa Semkiwa. Alikuwa fundi wa kweli. Kinu chake ulikuwa ukikigonga kwa kidole kinaitika, na mtu akinunua kimoja alikuwa hanunui kingine mpaka anazeeka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, maneno yalikuwa hayamtoki. Ungemsalimia shikamoo asubuhi, marahaba yake ukaipata ukiwa umeshafika njia panda. Alikuwa na mkewe, na mtoto mmoja wa kike, Mwajabu.

Nyuma ya nyumba yao ulisimama mkwaju, na kwenye tawi lake moja Semkiwa alimfungia mwanawe bembea. Siku moja Mwajabu akiwa mdogo, tawi lilivunjika, akaruka na kamba yake, akaangukia jiwe kwa paji la uso. Mama yake alimkanda kwa maji ya moto, akamkanda tena, lakini uvimbe haukushuka wote. Ilibaki nundu juu ya jicho la kushoto, ngumu, ya ukubwa wa kokwa ya embe dogo. Mkwaju nao ulijitibu kwa namna ya miti. Pale tawi lilipovunjika paliota gome jipya, likafunika kigutu kilichobaki, mwaka hadi mwaka, hata ubavuni mwa mti pakatokeza nundu. Kwa hiyo mtoto na mti walipata alama siku moja.

Watoto wenzake walimwita Komwe. Komwe ni paji zima lililochomoza mbele, na yeye alikuwa na nundu ya upande mmoja tu, lakini watoto hawapimi maneno. Na lugha yetu, wajukuu zangu, haina uchache wa maneno kwa kitu kilichojitokeza. Kichwa kikizidi nyuma ni kichogo. Mgongo ukipanda ni kibyongo. Tumbo likitangulia ni kitambi, kama cha mjomba wenu mnayemkimbia. Mashavu yametuna, midomo imebinuka, macho yamekodoka, kifua kimebenuliwa. Mahali palipo sawasawa hapana hata nusu ya majina hayo. Jicho likipita pahali laini halina la kuuambia mdomo, lakini likifika penye nundu mdomo unapata kazi.

Mwajabu alilijua hilo mapema. Alipokuwa mkubwa kidogo alijifunza kufunga mtandio wake chini, karibu na nyusi, na hakuufungua mbele za watu. Alikuwa msichana mzuri, mchapakazi, mcheshi akiwa na watu aliowazoea, lakini mkono wake ulikuwa hauishi kwenda kwenye paji, kuhakikisha kwamba mtandio upo.

Ikafika posa. Kijana aliitwa Kibwana, wa ng'ambo ya mto, mlimaji wa mpunga. Mama yake alifariki yeye akiwa anatambaa, akalelewa na shangazi yake, Bi Zahabu. Basi ukweni kwa Mwajabu kulikuwa ni kwa Bi Zahabu, na ua ulikuwa wa Bi Zahabu, na neno la mwisho lilikuwa la Bi Zahabu. Msimchukie mapema. Alikuwa mtu mwema mwenye mdomo, na watu wa aina hiyo tunao hata humu ndani. Alipenda usafi na alipenda vitu vilivyonyooka. Ua wake ulifagiwa asubuhi na jioni, mitungi ikapangwa kwa urefu wake, na jiwe lililochomoza njiani aliling'oa kwa jembe. Yeye mwenyewe Mungu alimjaalia nyonga, nyonga hasa, kiasi kwamba mlango wa jikoni aliuingia kwa ubavu. Hilo hakuna aliyelitaja mbele yake.

Katika kijiji hicho walikuwa na desturi yao. Binti akiolewa, baba yake humpa kinu. Fungate ikiisha, asubuhi yake, ndugu wa pande zote mbili hukusanyika uani kwa mume. Upande wa mume huleta mpunga wa shamba lao na upande wa mke huleta wa kwao, unachanganywa, unatiwa katika kile kinu, na bibi harusi anautwanga mbele yao wote. Mchele huo hupikwa na kuliwa katika sinia moja, na hapo ndipo binti anahesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Mpunga huo haumwagwi. Aliyeumwaga aliitwa Mwaga-mpunga, akaitwa hivyo na wakwe, akaitwa hivyo kisimani, na wanawe wakaitwa watoto wa Mwaga-mpunga. Walikuwepo wazee waliozikwa na jina hilo.

Semkiwa aliuangusha ule mkwaju wa nyuma ya nyumba kwa ajili ya kinu cha mwanawe. Mkwaju ni mti mgumu, na huu ulikuwa umemwona Mwajabu akikua, hakutaka mwingine. Alikichonga kwa tezo, akakichimba kwa patasi, akakisugua kwa majani ya msasa mpaka kikang'aa. Lakini ile nundu ya ubavuni hakuigusa. Kilisimama kinu kizuri, kimenyooka pande zote, isipokuwa upande mmoja kimetoa tumbo. Mkewe alipomuuliza, alijibu, "Isiguswe." Hakuongeza. Angeongeza maneno mawili tu siku ile, leo mngekosa methali.

Kabla ya harusi wanawake wa upande wa mume walikuja kuona kinu, kama ilivyokuwa ada. Walikizunguka, wakakigonga, wakasifu mguu wake na mdomo wake. Kisha wakafika upande wa nundu, wakasimama.

"Hapa kimevimba," akasema mmoja.

"Hakijavimba, kimetuna," akasema mwenzake. "Kuvimba ni kwa kitu kinachouma."

"Mimi naona kimebenuka ubavu, kama mtu anayetaka ugomvi."

Bi Zahabu akakiangalia, akakunja mikono kifuani. "Kina mimba hiki," akasema. "Kinu kimemtangulia bibi harusi."

Wanawake wakacheka. Mama Mwajabu akacheka nao, kwa sababu mgeni akicheka nyumbani kwako huna budi, lakini moyoni lilimchoma. Bi Zahabu akamgeukia Semkiwa, aliyekuwa ameketi kizingitini.

"Mkwe wangu, fundi kama wewe hukosi tezo. Hiki kitu kiondoke."

"Kitakaa," akasema Semkiwa.

"Kwa sababu gani?"

"Ndivyo mti ulivyo."

"Na mimi ndivyo nilivyo. Uani kwangu hakuna kitu kinachojitokeza, na wote waliopo hapa wanajua." Alisema kwa ucheshi, akaaga kwa heshima zote, wakaondoka.

Mwajabu alikuwa ndani, nyuma ya mlango, kama inavyompasa mwari. Alilisikia kila neno. Kuvimba, kutuna, kubenuka, yote aliyajua, alikuwa ameyabeba tangu utoto. Lakini lile la mwisho lilimkaa. Uani kwangu hakuna kitu kinachojitokeza. Mkono wake ukaenda kwenye paji la uso. Aliona kwamba atakwenda kuishi katika ua ule maisha yake yote, na mtandio hauwezi kufungwa maisha yote. Akaona uchungu, na zaidi ya uchungu akaona hofu, kwamba kinu chake kitafika kabla yake na kuwaambia watu jinsi mwenyewe alivyo.

Siku baba yake alipokwenda msituni kutafuta miti, alichukua tezo. Alikuwa mtoto wa fundi, alijua kuishika. Aliipiga nundu pole pole, chembe baada ya chembe, mpaka ikawa sawa na ubavu wa kinu. Ndani yake palionekana duara jeusi, kama jicho. Akalisugua kwa msasa, akalipaka mafuta ya nazi, likafifia. Alipopitisha kiganja juu yake hakuhisi kitu, na kwa mara ya kwanza tangu posa iletwe alicheka peke yake.

Mama yake aliporudi kutoka kisimani alisimama akatazama. "Baba yako alisema isiguswe."

"Nimeshaigusa, mama."

Mama akafikiri, akamfikiria Bi Zahabu, akaona kwamba kwa kweli imekuwa afadhali. Akaingia ndani akatoa kanga mpya, akakifunga kinu chote, akapiga fundo juu. Semkiwa aliporudi alikuta zawadi imeshafungwa. Zawadi ikishafungwa haifunguliwi, naye hakuuliza.

Harusi ikawa. Walikula, walicheza, fungate ikapita kwa salama. Kibwana alikuwa mume mpole na Mwajabu alikuwa na furaha, ila alilala na mtandio wake na kuamka nao. Ikafika asubuhi ya kinu. Uani kwa Bi Zahabu watu walijaa, wa upande huu na wa upande ule, na Semkiwa na mkewe walikaa kwenye mkeka wa wageni. Kanga ilipofunguliwa, Bi Zahabu alikipapasa kinu ubavuni, uso wake ukakunjuka.

"Sasa hiki ni kinu," akasema. Semkiwa alinyanyua shingo aone, lakini watu walikuwa mbele yake.

Mpunga ukachanganywa, ukatiwa. Mwajabu akashika mchi. Akapiga pigo la kwanza, vigelegele. Akaendelea, mchi ukapanda na kushuka, mkono ukapata mwendo wake, na wanawake wakaanza kumpigia makofi. Hapo ndipo kinu kilipotoa sauti ya ajabu, kama chupa inayozibuliwa. Kipande cheusi cha mti kiliruka kikamgonga jogoo. Ubavuni mwa kinu pakabaki tundu, na mpunga ukaanza kutiririka mavumbini.

Makofi yakakatika. Kuku wote wa Bi Zahabu walifika pale mara moja, maana kuku hana mila. Kibwana alikuwa wa kwanza kuinuka, akawafukuza kwa kanzu yake. Na nyuma ya watu mwanamke mmoja akanong'ona jina ambalo kila mtu alikuwa akilingojea.

"Mwaga-mpunga."

Mwajabu alilisikia. Hakulia. Alipiga magoti, akavuta mtandio kichwani kwake, akaukunja donge, akalisukuma ndani ya tundu ili mpunga uliobaki usimwagike. Ndipo akakumbuka kwamba kichwa chake ki wazi. Nundu yake ilikuwa nje, mbele ya ukoo mzima, inang'aa kwa jasho. Alitaka kuinua mkono aifiche, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia tundu, na hakuiondoa.

Semkiwa akapita katikati ya watu. Akaokota kile kipande cheusi, akakigeuza, akatazama kinu.

"Nani ameikata nundu?"

"Mimi, baba."

"Nilisema isiguswe."

"Ulisema isiguswe, baba. Hukusema kwa nini."

Semkiwa akakitazama kile kipande mkononi. Watu wakadhani ndiyo basi, wanavyomjua. Lakini mzee alikaa chini palepale mavumbini karibu na mwanawe, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mbele za watu.

"Siku ulipoanguka kwenye bembea, kigutu cha lile tawi kilibaki ndani ya mti, kikafa humo. Hiki ndicho. Mti ukakifunika kwa nje ili usioze. Nilipochimba kinu nilikiona kigutu hicho kwa ndani, nikajua kwamba kinachokishika ni ile nundu peke yake. Ikikatwa, hakina tena cha kukishika. Nami niliipenda vile vile, kwa sababu ilikuwa ya siku moja na ya kwako. Ilipasa nikwambie. Sikukwambia." Kisha akauliza, "Nani alikutuma uikate?"

Mwajabu alizidi kulishikilia donge. Alitazama mikono yake. Na Bi Zahabu, wajukuu zangu, angeweza kunyamaza. Hakuna mtu ambaye angethubutu kumtaja uani kwake mwenyewe. Alisimama akimwangalia yule binti, paji lake, nundu yake, mtandio wake ndani ya tundu, na akakumbuka maneno aliyoyasema siku ya kuona kinu, na akafahamu ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango akiyasikia. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Watu waliomwona siku hiyo walisema hawakupata kumwona hivyo kabla wala baada.

"Nimemtuma mimi," akasema. "Sikumtuma kwa mkono, nimemtuma kwa mdomo."

Akakaza kanga yake kiunoni, akaja mpaka penye kinu. "Toa mikono, mwanangu."

"Donge litatoka, shangazi. Nikitwanga litatoka."

"Halitoki," akasema Bi Zahabu. Akageuka, akajishusha chini kwa taratibu, akakalia ardhi ile aliyoifagia alfajiri, akaisukuma nyonga yake ikabana juu ya tundu. Kinu kilikaa imara kana kwamba kimejengewa. "Inuka utwange. Nundu yako ya mti imeondoka. Leo nundu ni mimi."

Kwanza hakuna aliyecheka, kwa kuogopa. Kisha Bi Zahabu mwenyewe akaanza kutikisika mabega, na ua mzima ukaangua kicheko. Hata Semkiwa alicheka. Mwajabu akainuka, kichwa wazi, akashika mchi. Kila pigo liliposhuka Bi Zahabu alitikisika kuanzia nyonga hadi mashavu, na kila akitikisika alisema, "Twanga, mwanangu," na vigelegele vikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kibwana na mama mkwe wake waliokota mpunga wa chini punje kwa punje, wakaupepeta. Kibwana alipopita karibu na mkewe na ungo wake, alimwambia kwa sauti ndogo, "Hiyo nundu mimi nimeijua tangu siku ile nilipokuona mtoni unanawa uso. Nilikuwa nangoja unionyeshe mwenyewe."

Mchele ukapikwa, ukaliwa katika sinia moja. Mchanga ulikuwemo kidogo, na kila aliyeuma chembe alimeza akanyamaza. Lile jina lililonong'onwa halikurudiwa, kwa maana nani atamwita Mwajabu Mwaga-mpunga, na shangazi mtu ndiye aliyezuia mpunga usimwagike?

Semkiwa akachonga kizibo cha mkwaju, akakipigilia katika lile tundu. Mafundi wengine wangekikata sawa na ubavu. Yeye alikiachia kichwa nje, kikubwa kuliko nundu ya kwanza, na safari hii alimweleza kila aliyemuuliza, na hata wasiomuuliza. Mwajabu alikitwangia kinu hicho mpaka akapata wajukuu. Mtandio aliuvaa mabegani, na mkono wake ukaacha ile safari ya kwenda kwenye paji. Bi Zahabu naye mdomo haukumpungua, hilo nisiwadanganye. Ila wageni wake wakianza kusema kwamba mtoto wa fulani ana kichogo, au jirani fulani ana kelele, au kijana fulani ana hiki na hiki kilichomzidi, aliwapeleka penye kile kinu, akaweka kiganja juu ya kizibo, akawaambia neno moja, wakaenda nalo makwao, likafika mpaka huku.

Msiniulize kinu chenyewe kiko wapi. Kililiwa na mchwa kabla mimi sijazaliwa.

Sasa leteni nyungo hizo nione. Mmechambua vizuri. Na huyo mjomba wenu, mnamjua mnapomkasirikia tu. Nyie mlikuwa wadogo babu yenu alipofariki. Nyumba ilijaa watu waliokaa kwa adabu, wakanong'ona kwa adabu, wakaondoka kwa adabu. Shomari ndiye aliyelia kwa sauti mpaka na mimi nikaweza kulia. Kisha akabaki, akatuimbia, akatuchekesha, mpaka tukakumbuka kula. Sauti hiyo hiyo mnayotaka kuikata ndiyo iliyotushika tusimwagike. Akija harusini atawaaibisha kidogo, tena ataimba wimbo mmoja mara nyingi, na mchanga kidogo katika wali mtaumeza.

Mmoja wenu ampigie simu sasa hivi, nimsikie kwa masikio yangu. Mwambieni siku, mwambieni na saa, na mwambieni aje mapema. Mkata nundu hutoboa kinu.